Maneno ya Uwanjani na Maneno ya Jikoni

Kile chuo cha uuguzi hakikuwa na njia nyingi za kutufikia. Gazeti lilifika kijijini kwetu Mgwashi likiwa limeshafungia sukari dukani, na redio ya mwalimu mkuu iliwashwa wakati wa taarifa ya habari tu, ili betri zisiishe. Kwa hiyo chuo kilibuni njia iliyoonekana ya akili sana: kila mwanafunzi wake aliyekwenda likizo alitakiwa apite katika shule aliyosoma, akiwa amevaa sare, azungumze na waliokaribia kumaliza darasa la saba. Nadhani wakubwa wa chuo waliona kwamba vijana watamwamini kijana mwenzao, mtu waliyemfahamu tangu akichota nao maji. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na bado sioni kosa lake mahali ambapo mtu angelitafuta.

Aliyekuja kwetu alikuwa mtoto wa mama mdogo. Alisoma shule yetu, na kwa kuwa kwao ni mbali, alifikia nyumbani kwetu. Mwaka huo mimi nilikuwa darasa la sita na dada yangu la saba. Dada alikuwa mkubwa kidogo kwa darasa lake, na nafasi za sekondari zilikuwa chache kiasi kwamba hata walimu hawakupenda kuzitaja. Lakini chuo kile kilichukua waliomaliza la saba, wakawe wauguzi wasaidizi, na hilo ndilo dada alilokuwa analitaka. Watoto wa jirani walipojikata kwa jembe waliletwa kwake, naye aliwafunga kwa vitambaa alivyovichemsha mwenyewe. Aliwahi kumfunga kuku mguu uliovunjika kwa vijiti viwili. Kuku alichechemea lakini aliishi hadi tukamla Krismasi, na tangu hapo darasa zima lilimwita Nesi wa Kuku.

Asubuhi ile tulipangwa mstari mbele ya mlingoti wa bendera. Mgeni wetu alisimama kwenye ngazi akiwa na gauni la buluu lenye kola nyeupe, kofia nyeupe kichwani, na viatu vyeusi vilivyoshika udongo mwekundu wa njia ya kwetu. Gauni lilimbana. Mishono ya ubavuni ilikuwa imefumuliwa ikashonwa upya kwa uzi usiofanana na kitambaa. Niliona hilo kwa sababu nilikuwa mtoto wa kuangalia mambo, lakini sikujiuliza maana yake.

"Ndugu wanafunzi," alianza, kwa sauti ya mtu anayesoma yaliyoandikwa kichwani, "chuo chetu kinahitaji vijana wenye moyo wa kulitumikia taifa. Tunasoma, tunalima, tunahudumia wagonjwa. Walimu wanatusaidia. Chakula kinatosha na ni kizuri. Kila mmoja ana kitanda chake."

"Kitanda chake peke yake?" aliuliza mvulana mmoja wa nyuma.

"Wewe umezoea kulala na mbuzi, kaa chini," mwalimu mkuu akamjibu, na uwanja mzima ukacheka.

Mgeni alipouliza nani yuko tayari, mkono wa dada ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Nyuma yangu nikasikia mtu akinong'ona, "Nesi wa Kuku huyo, atatibu hadi mayai!" Dada hakugeuka. Mwalimu mkuu akasema walioinua mikono waje Ijumaa na wazazi wao.

Jioni dada alimweleza baba. Baba aliuliza swali moja tu, kama atavaa kofia kama ile. Dada akasema ndiyo. Baba akacheka, akasema basi Ijumaa yeye atavaa koti lake la kanisani.

Kisha tukakaa jikoni. Mama alikuwa anapakua makande, na tulikuwa tumesharudi kwenye Kishambaa chetu cha nyumbani. Mgeni alikuwa amevua sare, amejifunga kanga ya mama, amekaa kwenye kigoda karibu na moto.

"Enhe, mwanangu," mama alisema, "huko wanawalisha?"

"Mama mkubwa, usiniulize. Kule ni mateso. Maharage yana wadudu, ugali haujaiva, matroni ndiyo usiseme. Tunalala tunasikia matumbo yakiongea."

"Pole, mwanangu. Pole sana. Lete hiyo sahani."

Mama akamjazia mpaka makande yakataka kumwagika, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuielewa. Mgeni akaendelea: baridi ya bwenini, maji ya kuoga kama barafu, wenzake wanaolia wakitaka kurudi kwao. Kila alichosema mama alikijibu kwa pole na kijiko kingine. Dada alikuwa anachochea kuni, na sikumwona akiinua macho.

Kesho yake, baada ya mgeni kuondoka, tulikwenda kuchota maji. Dada alitembea mbele mpaka tulipofika kijitoni.

"Umesikia jana?"

"Nimesikia."

"Uwanjani alikuwa anasoma. Jikoni ndiyo alikuwa anasema."

Niliona sijawahi kusikia maneno ya akili kama hayo. Ndivyo nilivyoanza kuuelewa ulimwengu mimi mwenyewe. Kila Jumatatu mwalimu mkuu alitutangazia kwamba mavuno ya shamba la shule ni yetu sote, nasi tulikuwa hatujawahi kuyaonja. Kwenye mikutano ya kijiji watu walipiga makofi, wakarudi nyumbani wakanong'ona. Kulikuwa na maneno ya kusimama na maneno ya kukaa, na mtu mwenye akili aliamini ya kukaa. Nani angetufundisha vinginevyo?

Ijumaa baba alivaa koti lake. Dada alimwambia mlangoni kwamba hataki tena.

"Si wewe mwenyewe uliyeitaka?"

"Nimebadili mawazo, baba."

"Kwa nini?"

Dada alimrekebishia baba kola ya koti. Hakuweza kusema. Yaliyosemwa jikoni hayapelekwi barazani, na kama yangefika shuleni, mtoto wa mama mdogo angeitwa msaliti wa chuo chake. Mama naye hakuelewa kilichotokea, kwa kuwa hakuyachukulia maneno yale kama dada alivyoyachukua. Baba alikwenda shuleni peke yake kueleza, kwa adabu. Aliporudi alisema mwalimu mkuu amecheka, amesema labda msichana anaogopa damu. Akavua koti, akalitundika, akaenda shambani. Nafasi ikachukuliwa na msichana mwingine.

Nilipokuwa chuo kikuu, likizo moja niliteremka Mnazi. Mtoto wa mama mdogo alikuwa anafanya kazi katika zahanati huko chini kwenye joto. Alinikaribisha chai, na katika mazungumzo nikamtania: vipi wale wadudu wa kwenye maharage, mlihitimu nao?

"Wadudu gani?"

Nikamkumbusha. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mdogo wangu, ningesemaje? Niingie kwa mama mkubwa, yeye mwenyewe anabahatisha chumvi, nianze kumsimulia kwamba kule tunakunywa chai ya maziwa? Angesema nimeshajiona. Mtu akirudi nyumbani analalamika, anapewa chakula. Hata wewe unafanya hivyo."

"Kwa hiyo chakula kilikuwa kizuri."

"Nilinenepa! Sare ilinishinda, nikaifumua. Yote niliyosema uwanjani yalikuwa kweli tupu. Nilikuwa nimeyakariri tu, nilikuwa naogopa." Kisha akaniangalia. "Kwa nini unauliza?"

Nikamweleza kuhusu dada. Aliweka kikombe chini. Nje kulikuwa na mama anayebembeleza mtoto kwenye benchi, na yeye akawa anamtazama yule mama badala yangu.

"Angeniuliza," alisema.

"Angekuulizaje, mama akiwa pale?"

"Kijitoni. Kesho yake asubuhi. Angenifuata tu, angeniuliza."

Lakini asubuhi ile aliondoka mapema, na hakuna aliyefikiri kwamba kuna la kuuliza. Chuo kilimfundisha aseme nini mbele ya bendera. Hakikufikiri kwamba jioni ataulizwa tena, akiwa amekaa, na mtu anayempenda. Nami nimefundishwa kutilia shaka kila tangazo, na bado nafanya hivyo, ila sasa sijui tena niyaweke wapi maneno ya jikoni. Mishono ile ilikuwa mbele ya macho yetu sote.

Dada ameolewa Shume. Mume wake anapasua mbao, yeye analima viazi na kabichi. Likizo hiyohiyo nilipanda kwake nikiwa na nia ya kumweleza niliyoyasikia Mnazi. Nilimkuta jikoni, mikono imepasuka kwa baridi, anamfunga kitambaa kidoleni wifi yake mdogo aliyejikata akimenya viazi. Msichana huyo alikuwa darasa la saba. Nilitazama jinsi dada alivyokaza fundo, na yale niliyokuja nayo yakanishinda kutoa.

"Enhe," dada akasema baadaye, akishika mwiko, "huko chuo kikuu wanawalisha?"

"Aa, dada, usiniu—" Nilikuwa nimeshaanza. Yule msichana alikuwa ameacha kumenya.

"Tunakula vizuri," nikasema. "Nyama ipo. Chai ina maziwa. Chakula kinatosha kabisa."

Dada aliangalia ndani ya chungu chake muda mrefu, kama aliyeona kitu kimepungua humo.

"Basi haya yetu sijui kama utayaweza."

"Nitayaweza, dada."

Akanipakulia kidogo, chakula cha mtu aliyekuja ameshiba.

"Na kitanda?" wifi yake akauliza, kwa sauti ya chini. "Mtu analala peke yake?"

"Peke yake."

Dada hakunitazama. Nilikuwa na njaa ya safari nzima. Nilikula kile kidogo taratibu, sahani ikaisha, na sikuomba kuongezewa.