Mlima wote ulichimbwa yakabaki makaburi: siku moja ya baiskeli kutoka Nyabiondo kushuka msitu wa Walikale

Wakuu, amani iwe nanyi popote mnaposomea hapa.

Mimi ni Masika, dada wa Goma, mwalimu wa shule ya msingi, na starehe yangu ni kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na pale nisipokuwa na hakika nitasema. Kiswahili changu ni cha Kivu. Nitajitahidi kuandika cha wote, ila watu wakiongea nitawaacha waongee walivyoongea: njo ni ndiyo, iko ni yuko au ipo, moto ni pikipiki.

Likizo hii nilipanga kutoka Masisi kushuka Walikale. Wenzangu wawili wa kikundi chetu cha baiskeli walikataa, na siwalaumu, hali ya njia zetu mnaijua. Nilingoja mpaka watu wa pikipiki waliposema njia imetulia.

Hapo baba mdogo Kambale akasema atakuja na mimi.

Baba mdogo ana miaka hamsini na sita na tumbo lake humtangulia mlangoni. Sisi ni Wanande wa Butembo, lakini duka lake liko Goma. Nilidhani ni utani, hadi siku ya kuondoka akaja na baiskeli ya gia sita, tatu zikiwa hazishiki. Nikamuuliza kwa nini asichukue pikipiki.

"Moto iko mbio sana," akasema. "Mimi nataka kufika polepole."

Sikumuelewa. Nilimkazia breki tukaenda.

Nitaruka siku ya kwanza, ilikuwa ni kupanda na kusukuma tu. Siku ya pili tuliondoka Nyabiondo alfajiri.

Wakuu, sijui niiseme vipi ile njia. Nyuma yako unaacha milima ya majani mafupi, ng'ombe wamesimama kwenye ukungu kama waliwekwa kwa mkono. Halafu njia inaanza kuteremka, na baada ya muda hewa inabadilika, inakuwa nzito na ya joto, kama umefunua sufuria. Msitu umeanza.

Tulisimama wote wawili bila kuambiana. Miti ilikuwa mirefu mpaka shingo inauma. Hondohondo wawili walipita juu yetu, na mabawa yao yalitoa sauti kama mtu mzima anayehema. Mimi nimezaliwa mkoa huu huu na sikuwa najua kwamba ndege anaweza kusikika hivyo.

(Kidogo kuhusu chukudu, kwa wasioijua: ni ile baiskeli ya mbao ya kwetu, haina pedali, ya kubebea mizigo. Kwenye mteremko mmoja mzee mwenye magunia matatu ya mihogo alitupita nayo, akatusalimia kwa adabu, akapotea kwenye kona. Mimi na gia zangu ishirini na moja tulibaki nyuma.)

Kibua tulikula fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwa mama mmoja wa pale njiani. Baba mdogo hakumaliza sahani yake. Hilo sijawahi kuliona.

Tulipokuwa tunanawa mikono akaniambia, "Masika, kule tunaenda njo kwenye nilimuzika Neema."

Nilijua kwamba baba mdogo alikuwa na duka kwenye mji wa machimbo zamani, wakati kasiterite, madini ya bati, inatoka kwa wingi. Nilijua pia yeye na mkewe, mama mdogo, walimpoteza Neema, mtoto wao wa kike wa miaka minne, kwa homa. Sikuwa najua kwamba alizikwa kule, wala kwamba tangu walipohama, miaka kumi na minne sasa, hakuna aliyerudi. Nyumbani jina hilo halitajwi.

"Muntu mumoja aliniambia kama ule mulima wa makaburi walisha kuuchimba wote," akaendelea. "Na unajua mimi nilikuwa nauzisha nini? Nilikuwa nauzisha majembe na pawa. Wachimbaji wote walikuwa wananunua kwangu."

Akaishia hapo. Fikiria uishi miaka yote hiyo ukijiuliza kama pawa (beleshi) uliyoiuza wewe ndiyo iliyomfukua mwanao.

Saa zilizofuata tulipiga pedali. Kwenye mto mmoja daraja lilikuwa magogo mawili, tukabeba baiskeli begani. Baba mdogo alivuka akiwa amefumba macho kidogo, hilo niliona.

Tulifika kwenye saa kumi.

Mji wenyewe ni mstari mmoja wa nyumba za mbao, nyingi zimepigwa misumari milangoni. Mabati yameliwa na kutu. Mbuzi walikuwa wamelala ndani ya iliyokuwa baa. Madini yalipopungua watu walienda kutafuta kwingine, wakabaki wanaolima. Baba mdogo alipita mbele ya duka lake la zamani bila kushuka kwenye baiskeli, macho yake yakiwa juu.

Nami nikatazama juu.

Ule mlima umeliwa. Hakuna neno jingine. Pande zote ni udongo mwekundu uliokatwa wima na mashimo yenye maji ya kijani, mashimo ndani ya mashimo. Lakini katikati, juu kabisa, kipande kimoja kimesimama kama meza. Juu ya meza kuna majani mabichi, na misalaba.

Baba mdogo aliangusha baiskeli barabarani akaanza kutembea.

Kuna kinjia kimoja chembamba cha kupanda, huku na huku ni shimo. Tulimkuta mama mmoja wa Kihunde akipalilia maharagwe pembeni ya makaburi, mtu wa miaka sitini hivi. Alimtazama baba mdogo kwa muda mrefu.

"Papa Butike," akasema. "Ulikuwa mwembamba."

Butike ni duka kwetu, na huyu alikuwa Mama Bahati. Zamani alikuwa anauza sombe mbele ya duka lake.

Baba mdogo alikuwa anageuka geuka akitafuta, maana misalaba mingi ya mbao imeoza. Mama Bahati akaweka jembe chini, akamshika mkono kama unavyomshika mtu asiyeona, akampeleka kwenye duara dogo la mawe.

"Iko hapa."

"Unajua kweli ni yeye?"

"Siku ile mama yake alikuwa analia, mimi njo nilikuwa namushika. Aliangukia hapa. Nitasahau namna gani?"

Baba mdogo alivua viatu akakaa chini. Sitaandika zaidi kuhusu hapo.

Baadaye nilimuuliza Mama Bahati kwa nini hapa hapakuchimbwa. Nilidhani hakuna madini.

"Iko," akasema. "Wachimbaji walifuata mawe ya madini chini kwa chini, yakaingia hapa chini ya wafu. Mawe mazuri. Wakakuja na chef wao, mukubwa wa machimbo. Sisi wamama tukapanda na majembe yetu, tukasimama. Hatukuwatukana. Tuliwaambia hivi: muntu mwenye iko na wake hapa, akuje asimame upande wetu. Mwenye hana wake, achimbe."

"Halafu?"

"Wakaanza kuvuka, mumoja mumoja. Huyu mama yake, huyu rafiki yake alifunikwa na shimo. Chef naye, mudogo wake iko pale kwenye ule muti wa avoka. Hakubaki muntu wa kushika pawa."

Halafu akanizungusha akinitajia waliolala pale kwa majina, kaburi kwa kaburi. Kwenye moja alisema tu, "Huyu alifika siku moja, kesho yake akaanguka shimoni, hatukujua jina. Tunamuita Mugeni." Na lake lilikuwa limepaliliwa kama mengine.

Nilisimama pale juu, wakuu, nikiyatazama yale maharagwe. Watu wasio na sabuni wanakaa juu ya utajiri huo, wanaujua, na wanalima maharagwe pembeni yake.

Network ya mji ule inapatikana juu ya makaburi peke yake. Baba mdogo akampigia mama mdogo.

"Niko kwa Neema," akasema. "Iko mahali pake. Hawakumugusa."

Halafu nikasikia sauti ya mama mdogo, ndogo sana, ikiuliza, "Kuko kivuli?"

Baba mdogo akainua macho, akaupima ule mparachichi na jua la jioni.

"Mangaribi kinamufikia," akasema.

Nilichojifunza: mimi nilikuwa nahesabu safari kwa kilomita na picha. Kumbe mtu anaweza kupanda baiskeli pembeni yako siku mbili amebeba mzigo usiouona, na kazi yako ni kwenda kwa mwendo wake tu.

Picha sitaweka, na jina la mji sitalitaja hata mkija inbox. Mawe yale bado yako chini, na wamama wale wanazeeka.

Karibuni na maoni yenu. Kwenu, makaburi ya watu waliohama nani anayalinda?