Mwaka Matoka Yalipochanua Katikati ya Mahindi

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya Riruta ilipokea mvua za masika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya kanisa. Jumapili moja, vumbi likiwa bado limetanda hadi kwenye majani ya migomba, kila familia yenye shamba ilibeba mbegu zake na kuziweka mbele ya madhabahu. Baba yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyeziombea, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Njia ya pili ilikuwa ya Shosho, mama yake Baba. Tukitoka ibadani, yeye alivua viatu na kwenda kuyaamkia matoka.

Matoka ni yale maua ya mpaka. Ukiyaona wakati wa kiangazi utadhani yamekufa, maana majani hukauka yote na kilichobaki ni kiazi chake kilichojificha ardhini, mfano wa kitunguu kikubwa. Mvua ikinyesha wiki moja tu, huchomoza na kutoa maua meupe yenye michirizi myekundu. Wazee wetu waliyapanda kati ya shamba na shamba kwa sababu hayafi kwa urahisi. Shosho aliniambia nikiwa mdogo sana kwamba itoka haling'olewi kwa hila. Anayeling'oa ili ale ardhi ya mwenzake, mkono wake hukauka, na ardhi yenyewe humtangaza mvua ikija.

"Na Mungu je?" nilimuuliza siku moja, kwa kuwa shule ya Jumapili ilitufundisha kuogopa mambo ya kale.

"Unafikiri Mungu ni nani?" alisema. "Hata Maandiko yamemlaani mtu anayesogeza mpaka. Na watu wote waliitikia Amina."

Kwake yeye hapakuwa na ugomvi. Mimi pia sikuuona, mpaka mwaka niliotimiza miaka tisa.

Shamba letu lilikuwa la babu, naye alikuwa amewakatia wanawe wawili kabla hajafa. Baba alipata upande wa chini, unaoelekea kwenye kijito. Ndugu yake mdogo alipata upande wa juu, unaopakana na barabara, ambayo iliteremka kando yake hadi kwenye mpaka wetu na kukata kona hapo. Baba huyo mdogo alifariki kwa ugonjwa wa kifua, akamwacha mkewe, Nyambura, ambaye nilimwita Tata, yaani shangazi, na binti mmoja, Wairimu. Wairimu alikuwa ndugu yangu na rafiki yangu. Tulikula sahani moja kwa Shosho, tulilala kitanda kimoja likizo nzima, na watu wa dukani walituita mapacha ingawa yeye alikuwa mrefu kunishinda.

Mwaka ule habari zilienea kwamba mpimaji wa ardhi angekuja kuweka bikoni, yaani alama za mpaka, ili kila mmoja apate hati yake. Riruta ilikuwa inabadilika, jiji likitusogelea. Kila upande watu walikuwa wanang'oa kahawa na migomba na kujenga vyumba vya kupangisha, na vyumba vyenye kupata wapangaji haraka vilikuwa vile vya barabarani. Baba alikuwa akisimama jioni karibu na choo, mikono nyuma, akitazama upande wa juu. Nilidhani anaangalia mawingu.

Jumamosi moja alfajiri, Tata Nyambura na Wairimu walikuwa wamekwenda Limuru kumwona mama yake Tata aliyekuwa mgonjwa. Baba aliniamsha. Alikuwa na jembe na ndoo mbili.

"Njoki, vaa sweta. Kuna kazi kidogo."

Tulikwenda mpakani. Alisimamisha jembe, akavua kofia, akaomba. Hilo ndilo jambo ambalo hata leo sijui nilifanyie nini. Baba yangu aliomba. Alimwomba Mungu abariki kazi ya mikono yetu na alete mvua kwa wakati wake. Mimi nikasema Amina. Halafu akaanza kuchimba matoka moja baada ya jingine, yeye akitoa viazi na mimi nikivibeba kwenye ndoo. Tulivipanda upya ndani ya shamba la Tata, hatua kumi na moja kutoka pale vilipokuwa, kwenye mstari ulionyooka vizuri kabisa. Baba alikuwa mtu wa kufanya kazi safi.

"Baba," nilisema, "Shosho anasema yakiguswa—"

"Shosho ni mzee. Hizo ni mambo za giza. Sisi tumeokoka." Aliendelea kuchimba. "Babu yako alikosea kupima. Mimi narekebisha tu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na hii si ya kuambia mtu."

Mama alikuwa jikoni tuliporudi. Aliziangalia ndoo, akaniangalia mimi, akanimiminia chai. Hakuuliza kitu siku hiyo, wala siku nyingine yoyote.

Tata Nyambura alirudi Jumatatu. Nilimwona akitembea shambani mwake, akisimama, akirudi nyuma, kama mtu aliyeingia chumba chake akakuta kitanda kimehamishwa. Alikuja mpaka mlangoni petu.

"Baba Njoki, hii mpaka imefanya nini?"

"Mpaka iko pale iko siku zote, mama."

"Mimi nimelima hii shamba miaka nane. Naijua kama mkono wangu."

"Basi tuite wazee," alisema Baba kwa upole. "Kanisa lipo. Hatuwezi kugombana kama watu wasiomjua Mungu."

Walikuja Alhamisi, mchungaji na wazee watatu, wote marafiki wa Baba wa miaka mingi. Walitembea kutoka upande huu hadi ule, wakayaona matoka yaliyokauka yakiwa yamejipanga sawasawa, na udongo ambao Baba alikuwa ameufagia ukiwa mkavu kama mwingine. Tata alieleza. Baba alieleza. Shosho naye alikuja akiongozwa na Wairimu, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Mimi naendanga kijitoni na miguu, si na macho," Shosho aliwaambia. "Kutoka kwa mlango ya Nyambura hadi kwa matoka ni hatua zangu thelathini. Leo nimehesabu kumi na tisa."

Wazee walitazamana. Mmoja alisema kwa heshima kwamba miguu ya mzee huchoka, na hesabu pia huchoka. Kisha yeye huyohuyo, mzee mpole aliyetufundisha nyimbo shule ya Jumapili, akageuka akaniona nimesimama nyuma ya Mama.

"Tuulize mtoto," alisema. "Mtoto hasemi uwongo. Njoki, njoo hapa. Wewe na Wairimu mnachezanga hapa kila siku. Haya maua yamekuwa hapa siku zote?"

Wairimu alikuwa bado ameshika mkono wa Shosho. Aliniangalia bila wasiwasi wowote, hata alikuwa anatabasamu kidogo, kwa kuwa swali lilikuwa rahisi na aliyeulizwa nilikuwa mimi. Baba hakuniangalia kabisa. Alikuwa anafuta kofia yake kwa kiganja.

"Ndiyo," nilisema. "Yamekuwa hapa."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimesema uwongo mwingine, kama kila mtu. Sijawahi tena kuona uwongo ukimwingia mtu usoni namna ile. Wairimu hakulia. Aliacha tu kutabasamu, polepole, kama mtu anayesikiliza tena ili ahakikishe.

Shosho aliinua uso wake wa ukungu kuelekea sauti yangu. "Sawa," alisema. "Subirini mvua. Mvua ikija, itasema."

"Mama," alisema Baba, "huo ni ushirikina, na mchungaji amesimama hapa."

Mchungaji alikohoa, akafunga kwa maombi. Wiki iliyofuata mpimaji alikuja, akatandaza kamba zake, akazika bikoni za zege kando ya mstari mpya.

Mvua ilikuja Jumanne mchana. Paa la mabati lilipigwa na tone moja, kisha mawili, kisha sauti zote zikawa moja, na harufu ya udongo ikaingia nyumbani. Kila mwaka Wairimu na mimi tulikimbia nje kulowa. Mwaka ule nilikaa kitandani nikiutazama mkono wangu wa kulia, nikikunja vidole na kuvikunjua. Nilikuwa nimemwamini Shosho kuliko nilivyomwamini mchungaji, na nilijua kwamba viazi vile nilivibeba mimi.

Mkono haukukauka. Ila majuma matatu baadaye, mahindi ya Baba yakiwa yamefika magotini, matoka yalichomoza pale yalipokuwa zamani. Baba alikuwa ameng'oa viazi vikubwa, lakini kila kiazi kilikuwa na vitoto vyake vilivyobaki chini, asivyoviona. Vikatoka vyote. Vikachanua. Mstari mweupe wenye michirizi myekundu ulipita katikati ya mahindi yetu kutoka uzio hadi uzio, umenyooka kama babu alivyounyoosha, hatua kumi na moja kutoka kwenye bikoni.

Ilikuwa Jumapili. Watu walipita wakitoka kanisani na kila mmoja aliuona. Walipunguza mwendo. Kisha wakaanza kuzungumza juu ya mambo mengine. Yule mzee wa shule ya Jumapili alisimama penye uzio wetu, akavua kofia kama aliyefika kwenye msiba, akatazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Nikawaza: sasa ataniuliza tena, na mara hii nitasema. Akavaa kofia, akaenda zake.

Tata Nyambura alimshika mchungaji mkono, akamleta hadi pale.

"Ona," alimwambia. "Ona na macho yako."

Mchungaji aliona. Nilimsikia akivuta pumzi. "Dada," alisema, "bikoni zimeshawekwa, na hati ziko njiani. Tukifungua hii maneno tena tutavunja familia, na tutavunja kanisa. Tumwachie Mungu." Akafumba macho ili aombe. Tata hakufumba ya kwake. Alisimama akimtazama mpaka alipomaliza, kisha akaenda nyumbani na hakukanyaga tena lile kanisa.

Jioni Baba aliyafyeka matoka yote kwa panga na kutupa mizizi yake kwenye shimo la taka. Shosho alikaa mlangoni akisikiliza panga. Alisema jambo moja tu: "Imesema. Kumbe si mvua iliyokuwa kiziwi."

Hapo ndipo nilipoanza kungoja laana. Baba akikohoa, nilishtuka. Ng'ombe akikataa majani, nilijua. Haikuja. Mahindi yalizaa vizuri mwaka ule, tukala tukasaza. Aliyekufa ni Shosho, kabla ya masika mengine, na Baba alisimamia maziko yake kwa heshima kubwa. Tata, aliyebakiwa na kishamba kisichotosha kumlisha, alikiuza na kuhamia Kangemi kwenye chumba kimoja. Wairimu aliacha shule ili amsaidie mama yake, akaenda Lavington kufulia watu nguo. Juu ya zile hatua kumi na moja, Baba alijenga vyumba vya barabarani, na hivyo vyumba ndivyo vilivyonisomesha. Nilikwenda shule ya bweni, nikaenda chuo, na sasa nina kazi ofisini katikati ya jiji, ghorofa ya saba, nikiwa na dirisha langu mwenyewe.

Baba alifariki mwaka jana akiwa amelala, usiku mmoja tu, bila maumivu. Kanisa lilijaa hadi nje. Walisema alikuwa mtu wa haki, nami nilikaa kiti cha mbele nikiitikia Amina pamoja na wengine.

Wiki mbili baada ya maziko nilikwenda Kangemi. Niliulizia sokoni hadi nikampata Tata Nyambura, amezeeka, ameketi juu ya kreti akikata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi. Alinijua mara moja. Alinipa kiti, akauliza habari za Mama, akaniambia Wairimu ana watoto watatu na anaishi Kikuyu. Nikashindwa kungoja.

"Tata, siku ile mimi ndiye nilibeba ndoo."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Siku hiyo tu wazee walikuja. Ulikuwa na udongo kwa sweta, na hakuna mtu alikuwa ameanza kulima." Kisu chake hakikusimama.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Nianze kugombana na mtoto wa miaka tisa? Nilisema wacha akue."

"Nimekua, Tata," nilimwambia.

Hapo aliinua macho, akanitazama viatu, mkoba, uso. Hakuwa na hasira. "Umekua kitambo," alisema, kisha akamgeukia mteja aliyekuwa anangoja.

Nilirudi mjini kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kando ya barabara kuu ya Waiyaki Way, magari yakinipita. Nimewaambia wadogo zangu, niliorithi nao vyumba vile, kwamba hatua zile kumi na moja ni za Tata, nao wameniambia bikoni ni bikoni, na kwamba nisichafue jina la marehemu. Huenda nitawashinda, huenda sitawashinda. Lakini si hilo linaloninyima raha. Kwa miaka mingi nilimwonea huruma yule msichana aliyeulizwa swali mbele ya watu wazima, na bado namwonea huruma. Hakuwa na pa kukimbilia. Ninayeshindwa kumsamehe ni mwanamke wa miaka ishirini na tano, wa thelathini, wa thelathini na nane, aliyejua njia ya kwenda Kangemi na hakuna aliyemkataza.