Alama kwenye Midomo ya Dramu

Kwamena Essuman alikuwa mtu wa kunusa. Akinunua kenkey, lile donge la unga wa mahindi uliochachushwa, hufungua majani palepale mbele ya muuzaji, hubonyeza, hunusa, kisha huomba jingine. Samaki wa kukaanga humgeuza tumbo juu amtazame vizuri. Mchungaji akisema tufumbe macho tuombe, Kwamena alifumba moja. Wanawake wa mtaa wao wa Ketan walimbandika jina la Fungua Nione, naye wala hakukasirika, maana aliona wamemsifu.

Tusimlaumu haraka. Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa kukagua mizigo katika bandari ya Takoradi, Ghana, na bandari haimwachi mtu na moyo mweupe. Aliyaona magunia yaliyotoka ghalani yakiwa kakao tupu na kufika melini yakiwa na mchanga katikati. Huko ndiko alikojifunza kuweka alama ya siri: kisu kidogo, mikato mitatu, mahali ambapo mwizi hatafikiria kutazama.

Jioni alipiga dramu. Bendi yao, Marubani, ilijaza kumbi za dansi za Sekondi wakati mabaharia na watu wa reli walikuwa bado na nguvu za magoti. Seti yake ilitoka Uingereza kwa meli, nyeupe yenye mng'ao wa lulu, na ile dramu kubwa ya kusimama sakafuni ilikuwa na sauti nzito, iliyojaa. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ndiyo aliyokubali kuolewa nayo, huyo mpigaji alikuja kama nyongeza.

Sasa Marubani, wale waliobaki hai, waliombwa kupiga dansi la Pasaka. Dramu zilikuwa zimechakaa. Ganda la plastiki lililovikwa mapipa yake ya mbao lilikuwa limegeuka manjano, likapasuka na kuachia kwenye maungio.

"Zimekuwa kama meno ya babu yangu," alisema Ekow Biney, mpiga tarumbeta. "Zipeleke kwa fundi Araba Quansah azivike upya."

"Yule binti? Mbao za Mwingereza zinatafutwa siku hizi, bwana. Atabaki na mapipa yangu, anirudishie mbao za masanduku ya sabuni zilizovikwa plastiki mpya. Nitajuaje?"

"Zitanuka sabuni. Na kwa kunusa, nani anakuweza?"

Kwamena hakucheka. Asubuhi ya kuzipeleka alijifungia ndani, akavua ngozi za dramu na kukata alama yake kwenye mdomo wa kila pipa, pale ukingoni ambapo ngozi hulala. Alikata kwa kina, ili msasa usiweze kuzifuta. Kisha akazivika ngozi tena. Hakumwambia mtu. Ekow ndiye kabisa ambaye asingemwambia.

Karakanani kwa Araba alidai kigoda, akaketi, akakodoa macho. Araba alikuwa mwanamke wa makamo, fundi aliyerithi kazi kwa baba yake, na mikono yake ilikuwa na harufu ya gundi hata siku ya Jumapili. Alifungua skrubu zote, akavua ngozi, akalipasha ganda kuukuu joto kwa mashine ya kukaushia nywele, akalibandua polepole mpaka mbao ikabaki uchi. Kisha akapaka gundi kwenye mbao na kwenye ganda jipya, akaketi kusubiri ikauke kidogo. Gundi ile, pande mbili zikishagusana, haina samahani, ukikosea umeharibu.

"Unasubiri nini?" aliuliza Kwamena. "Unasubiri nisinzie?"

"Nasubiri gundi, baba. Ukisinzia nitakuvika wewe plastiki itakayobaki."

Baadaye alipitisha kidole kwenye mdomo wa lile pipa kubwa, akasimama. Akarudia.

"Baba, hii midomo. Ningependa niipige msasa kidogo, hasa hapa..."

"Usiguse midomo!" Kwamena alisimama mpaka kigoda kikaanguka. "Nimekuletea ganda. Shughulika na ganda!"

Araba aliondoa kidole, akaendelea na kazi. Kwamena akaketi tena akiwa na furaha kubwa moyoni. Alikuwa amemnasa kabla hajaiba! Anataka kufuta alama ili afanye mambo yake. Tangu mapipa yalipovuliwa ngozi mpaka zilipofungwa tena, hakutoka pale hata kwenda haja.

Siku ya mazoezi dramu ziling'aa ukumbini kama bibi harusi. Araba alikuja pia, na alikuja na Shemasi Amissah, ambaye kanisa lake lilikuwa na dramu za kuvikwa. Shemasi alitaka kuona na kusikia kabla ya kumpa kazi, na Araba hakuwa na kazi nyingine yoyote tangu Krismasi.

Kwamena alikaa, akashika fimbo, akaipiga ile dramu kubwa.

Ilikoroma. Akachukua ufunguo wa skrubu, akakaza huku, akalegeza kule, akapiga tena, ikatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Sauti ile nzito ya zamani ndiyo pekee aliyokuwa amebakiwa nayo ya ujana wake na ya mkewe, na sasa haikuwepo.

"Hizi si dramu zangu!" alifoka. "Huyu mwanamke amenibadilishia mapipa!"

"Baba, tafadhali," Araba alisema kwa sauti ya chini. "Shemasi yupo. Ukisema hivyo umenimaliza."

"Ndiyo maana nasema akiwepo! Ngojeni niwaonyeshe mwizi!"

Akafungua skrubu kwa haraka, akang'oa pete ya chuma, akaiondoa ngozi, akainama.

Mikato mitatu. Ya kwake. Ile ya katikati ilikuwa imepinda kidogo, kwa sababu siku ile kisu kilimteleza.

"Haya," Shemasi alisogea. "Ni yako au si yako?"

Kwa hesabu ya Kwamena, hakuna aliyejua habari za alama ile. Angesema si yake, wangeamini. Uso wa Shemasi ulishaanza kujikunja. Neno moja tu, na aibu yote ingehamia kwa Araba.

"Ni yangu," alisema.

Ekow naye aliinama, akapitisha kidole. "Lakini tazama, ukingo umekatwakatwa! Ngozi itakaaje hapa? Lazima ikorome. Nani amefanya unyama huu?"

Watu wote wakamgeukia Araba. Araba hakumtazama mwingine ila Kwamena.

"Mimi," Kwamena alisema. "Niliweka alama ili asiniibie. Zote nimezikata hivi. Hajaniibia kitu."

Ekow alianza kucheka, akaona uso wa rafiki yake, akaacha. Shemasi alikohoa, akamuuliza Araba kwa upole kama Jumatatu ana nafasi. Araba alisema anayo. Kisha akachuchumaa kando ya lile pipa na kupima kina cha mikato kwa ukucha.

"Ulijua?" Kwamena alimuuliza.

"Tangu siku ile. Mkato mpya huwa mweupe, baba."

"Sasa mbona hukuniambia? Mbona ulininyamazia?"

"Ungeniamini?"

Aliuliza bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. Kwamena alitafuta jibu la kujitetea, akakumbuka mwanawe aliye mjini Tema, ambaye humpigia simu, humwamkia, husema wote wazima, kisha hukata. Siku zote alidhani kijana anaficha kitu. Hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Nisingekuamini," alisema.

Araba aliitikia kwa kichwa, akalibeba pipa kifuani, akatoka nalo kwenda karakanani kuiziba mikato.

Kwamena alibaki amekaa kwenye kiti chake cha mpiga dramu, hakumfuata kwenda kumchunga.