Sifa Kabla ya Kuonja

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kudhani kwamba *flattery*, neno la Kiingereza nililojifunza peke yangu kwenye kamusi kuukuu, ni kukisifu kitu kibaya. Leo harufu ya majani ya mgomba yakitokota imenirudisha Buganguzi, jikoni kwa bibi.

Mgeni wetu siku ile alikuwa mwalimu kutoka Bukoba. Yeye ndiye angeamua kama nifanye mtihani wa kuingia shule ya Waingereza. Nilimkabidhi insha yangu ya Kiingereza. Akaikunja na kuitia mfukoni.

"Kiingereza safi kabisa," akasema. Nilifurahi mno.

Bibi akamwekea ebitoke, ndizi zetu za kupika, zikiwa bado zimefunikwa kwa majani, mvuke ukifuka.

"Mama, ndizi zako tamu sana," mwalimu akasema.

"Umesifu majani, mwalimu," bibi akacheka. "Ndizi ziko ndani."

Ndizi za bibi zilikuwa tamu kweli, ila mwalimu alikuwa hajazionja. Hapo nikalielewa lile neno: ni kusifu usichokionja, na insha yangu ilikuwa bado imekunjwa mfukoni mwake.

"Mwalimu," nikasema, "naomba uisome kwanza."

Akaitoa mfukoni. Aliisoma mpaka mwisho huku ndizi zikipoa, halafu akaweka kidole katikati ya karatasi.

"Sentensi hii ni nzuri. Nyingine ziandike upya, ndipo utafanya mtihani."

Nililala nikiirudia sentensi ile moja.

Siku hizi mtu akinisifu, humuuliza ni sentensi ipi.