Kokoto Mfukoni mwa Kimya

Siku mbili kabla ya gwaride la kufunga kozi, mama yake Rula alikuwa amekwisha kupigilia msumari ukutani, juu ya cherehani. Alikuwa fundi wa sare. Nusu ya tepe za askari wa kambi ile zilipita chini ya sindano yake, lakini hakuwahi kumshonea mtu wa damu yake tepe ya tatu, ile ya usajenti. Sasa binti yake, koplo ambaye wenzake walimwita Rula kwa jinsi alivyopenda mambo yanyooke, alikuwa ametangazwa Kiongozi Bora wa kozi ya viongozi wadogo. Angekabidhiwa fimbo nyeusi yenye kichwa cha shaba, na msumari ule ulikuwa wa fimbo hiyo.

"Njoo uone kama umekaa sawa, mwanangu."

Rula alisema umekaa sawa, bila kuinua macho.

Kilichomsumbua kilikuwa cha wiki moja nyuma, kwenye zoezi la doria. Yeye ndiye aliyeongoza, ramani na dira mkononi. Nyuma yake alitembea koplo mwenzake, mtu wa maneno machache waliyempachika jina la Kimya. Kazi yake ilikuwa kuhesabu hatua: kila hatua mia moja alihamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, ili kiongozi ajue wamekwenda umbali gani. Ni kazi isiyotaka kusemeshwa. Walifika kwenye kinamasi wakiwa wamechelewa, na mshika redio akazama hadi magotini. Rula alimwamuru Kimya aache kuhesabu, akamvute mwenzake. Umbali wangeukisia ng'ambo.

Walipovuka akasema, "Weka nne."

Kimya alimtazama, kisha akahamisha kokoto nne. Zilitakiwa saba. Wakapitiliza mahali pa kukata kona, wakaingia bonde lisilo lao, na ilipofika saa nane mchana ilibidi mkufunzi aje kuwatafuta. Mmoja wao alikuwa amelala chini, ameishiwa nguvu kwa kiu.

Mkufunzi, sajenti mkavu asiyepoteza maneno, aliuliza nani ameharibu. Kabla mtu hajavuta pumzi, Kimya alijibu kwamba ni yeye, alipoteza hesabu. Rula alifungua mdomo, akaufunga. Mshika redio alitazama buti zake. Yakaishia hapo.

Kimya aliondolewa kozini na tepe zake mbili zilezile. Rula alisifiwa kwa jinsi alivyowatuliza watu bondeni. Ikaja kura ya siri, ambayo kila mwanafunzi huandika namba ya mtu ambaye angemfuata vitani, naye akapata karibu zote.

Asubuhi ya gwaride alimkuta Kimya ghalani, akirudisha vifaa kabla ya kuondoka. Alimwambia anakwenda kwa mkufunzi kusema.

"Kusema nini, dada yangu?"

"Ukweli."

"Siku ile ulikuwa umeuweka wapi?" Kimya aliendelea kukunja turubai, pembe kwa pembe. "Nimemdanganya mkufunzi usoni. Ukisema, na mimi nimo. Ulipewa zawadi, ukaivaa wiki nzima, leo unairudisha kama kiatu kilichokubana."

Rula aliuliza kwa nini basi alijitwika kosa.

Kimya aliweka turubai chini. "Nilidhani utakataa. Nilisema ni mimi, nikangoja uniambie ninyamaze. Bado nilikuwa nangoja wakati tunapanda gari."

Baragumu likalia, Rula akakimbilia uwanjani. Alisimama mguu sawa, akaitwa, akapokea fimbo. Mama yake alipiga makofi hadi akabaki peke yake akipiga. Baada ya gwaride Rula alimkabidhi ile fimbo, akamwomba amsubiri kidogo getini.

Ofisini, mkufunzi alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Umekuwa na wiki nzima, koplo."

"Ndiyo, afande."

"Na umekuja baada ya kupokea."

"Ndiyo, afande."

Alimsukumia karatasi na kalamu. "Andika. Anza na saa."

Dirishani Rula alimwona mama yake kivulini, akimwonyesha mlinzi wa geti ile fimbo, akiifuta shaba kwa upindo wa gauni kila mlinzi alipoigusa. Aliinama akaandika: *Saa nne na robo, kwenye kinamasi, nilimwamuru aache kuhesabu.* Mwandiko ulipinda; aliendelea.

Kimya alipewa siku saba za kufyeka majani kwa kumdanganya mkufunzi, kisha akarudishwa kwenye kozi iliyofuata. Leo ni sajenti. Wakikutana, Rula humwita afande, naye hujibu kwa kichwa tu, anapita. Rula alikaa miaka mitatu zaidi na tepe mbili.

Fimbo ilirudishwa siku ileile. Walipofika nyumbani mama aliuvuta ule msumari, ukagoma kutoka. Akatundika hapo utepe wake wa kupimia, akaketi kwenye cherehani, akavuta sare ya mtu mwingine.