Honi ya Akiba

Kila asubuhi ukumbi wa nyumba ile uligeuka barabara ya magari. Gari lenyewe lilikuwa moja tu: mama mwenye nyumba, amebeba sinia la vikombe usawa wa pua, anatoka jikoni kinyumenyume. Akifika konani husimama, akageuza shingo kushoto na kulia, kisha akapiga honi kwa mdomo.

"Piii! Piii!"

"Mama watoto, chai itapoa," mumewe hulalamika.

"Mzigo ukinizibia mbele, narudi nyuma. Na wewe toa miguu njiani, chombo kinapita!"

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amebeba katoni za sabuni kwa mikono katika ghala moja kubwa, mpaka mgongo ukawa unamwamkia kabla ya mume. Dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, alipostaafu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba mafunzo. Wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu, na walipojua anavyofanya mazoezi nyumbani, wakambandika jina: Mama Honi.

Siku ya mtihani alifika na buti zenye chuma puani. Mtahini, mwanamume mwembamba asiyecheka ovyo, alitangaza kwamba angeondoka saa sita kamili na hangerudi mpaka mwakani. Kufeli kulimaanisha mwaka mwingine wa katoni.

Mama Honi akaizunguka mashine kama mzazi anayemkagua mtoto kabla hajakwenda shule. Magurudumu, sawa. Meno ya kubebea mzigo, minyororo, mafuta, breki, mkanda, sawa. Akabonyeza honi. Kimya. Akabonyeza tena. Hata kukohoa haikukohoa.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na robo.

"Panda twende, dada!" akapaza sauti Kipara, dereva wa mashine ya pili, aliyekuwa akipakia lori. "Kwani honi si wewe mwenyewe? Piga kwa mdomo kama unavyompigia shemeji!"

Ghala zima likaangua kicheko. Mama Honi naye akacheka, na kwa kitambo kidogo akajiona ameshapanda. Kisha akatupa jicho kwenye kona ya rafu ya nne. Wafungashaji walikuwa wameinama pale, migongo imeelekea njia, masikio yamejaa kelele za mashine zao. Kwa miaka kumi na mmoja, mmoja wa migongo ile ulikuwa wake. Mdomo wake ulitosha ukumbini, kwa mume na paka.

Akachomoa ufunguo, akatundika kibao chekundu cha USIENDESHE kwenye usukani, akamwita fundi.

"Mama, saa inakwenda," alisema mtahini.

"Iende tu, baba. Mimi na mashine hii hatuendi."

Fundi alijilaza chini, akahangaika, akatukana nyaya moja baada ya nyingine. Mwishowe honi ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Mama Honi hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano.

"Nina muda wa paleti moja," mtahini akasema, akionyesha jukwaa la mbao lililopangwa katoni.

Ilitosha. Akafunga mkanda, akaingiza meno taratibu, akaunyanyua mzigo shibiri moja tu kutoka sakafuni. Katoni zilimzibia mbele, kwa hiyo akarudi nyuma, macho yakitazama anakokwenda, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye kona ya rafu ya nne akasimama na kubonyeza honi. Ikalia vizuri kabisa. Na mdomo nao, kwa mazoea, haukungoja kuambiwa:

"Piii! Piii!"

Wafungashaji waliruka pembeni, wakageuka, wakaangua vicheko. Kalamu ya mtahini ilianguka. Mama Honi alitamani sakafu immeze, lakini aliendelea mpaka mwisho: paleti ikakaa rafuni bila katoni hata moja kutikisika, meno yakateremshwa hadi chini, breki ikavutwa, ufunguo ukatoka.

Mtahini alipekua karatasi yake kwa muda mrefu.

"Umefaulu, mama," akasema, midomo ikimcheza. "Ila sina mahali pa kuandika ile honi ya pili."

"Iache tu, baba. Hiyo ni ya akiba."

Jioni, mumewe alisikia "Piii! Piii!" tangu nyumba ya tatu kabla ya yao. Hakuuliza matokeo. Alinyanyua miguu yote miwili, akaiweka juu ya kiti, akangoja chombo kipite.