Kidevu cha Baba Siku ya Kuagwa

Baba aliponiambia nijifunze kumnyoa, nilimjibu vibaya. Nilikuwa nimeinama namwosha miguu, maji yamepoa, mgongo unaniuma, na yeye akaanza na ule mdomo wake uliokwenda upande: "Mama, kautoe ule wembe kabatini. Nataka ujue kuninyoa kabla sijaondoka." Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nikamwambia hapa haondoki mtu, na kama shida ni ndevu nitamwita kinyozi wa njia panda aje na mashine yake. Akautoa mguu wa kushoto kwenye maji. Hapo nikajua hajakubali.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Olmotonyi baada ya kiharusi kumlaza upande mzima wa kulia. Duka nililokuwa nauza kule Kisongo niliwaachia wenyewe. Kaka zangu wako mbali, na kila mmoja wimbo wake ulikuwa "tutakuja dada, vumilia", na mama alishatangulia zamani. Basi tukabaki mimi na baba, na migomba, na ng'ombe mmoja mkorofi. Mimi si mtu wa subira. Hata wanaonipenda wanasema hivyo.

Sasa huo wembe. Si hizi nyembe za dukani. Ni wembe wa kukunja, mpini wake wa pembe, aliununua enzi akifanya kazi kwenye mashamba ya miti huku juu. Maisha yake yote alijinyoa nao mwenyewe, kwa mkono wa kulia, mbele ya kioo kilichopasuka kona, na mkanda wa ngozi wa kuunolea ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Mashine ya kinyozi aliidharau. Alisema inaacha visiki.

Lakini hakuwa anazungumzia ndevu za kesho, na mimi nilijua. Baba mkubwa, kaka yake, alifia hospitali, na huko alinyolewa haraka haraka na mtu ambaye hatukumjua. Siku ya kumuaga, jeneza likafunguliwa upande wa uso mbele ya madhabahu, na ukoo mzima ukapita pale ukaona mchubuko mrefu kwenye taya, na shavu moja bado lina manyoya. Baba alikuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyesimama kichwani pa jeneza akiongoza mstari. Alisimama pale mpaka mtu wa mwisho akapita. Njiani kurudi alisema neno moja tu: "Wamemnyoa kama mbuzi." Miaka ilipita, na kila tulipotoka msibani alilirudia.

Kwa hiyo alichotaka ni hicho. Watu waliomfahamu wakipita kumuaga, waone kidevu safi, bila mkwaruzo. Na mimi nilikasirika kwa sababu niliona kujifunza kunyoa ni kukubali. Nikiugusa ule wembe, nimeshaagiza jeneza.

Ndevu zikaota. Kinyozi akaja, baba akageukia ukutani, kinyozi akaondoka na mashine yake. Zikawa nyeupe, nene, uji unagandia humo. Halafu mchungaji akaleta taarifa kwamba atakuja kumpa Chakula cha Bwana kitandani. Siku hiyo baba akavuta shuka mpaka puani. Alishusha kidogo tu akapokea mkate, akashusha tena akapokea divai, kisha akajifunika, macho yake yakitazama dari. Mchungaji alidhani ni baridi. Mimi nilijua ni aibu, na iliniuma mpaka nikaenda jikoni nikakaa. Mchungaji alipofika getini akiondoka, nilikuwa tayari nimefungua kabati.

Nilianza kwa kuharibu. Mimi nimekua nanoa panga, na panga unalisukumia makali mbele juu ya jiwe. Nikashika mkanda wa ngozi, nikasukuma wembe vilevile, makali mbele, kwa nguvu zangu zote. Mkanda ukachanika katikati. Baba aliusikia ule mlio tu. "Mama," akasema, "unanoa wembe au unaenda kukata majani ya ng'ombe?" Akacheka kwa nusu ya mdomo, ile nyingine ikabaki vilevile. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu augue.

Akanifundisha kwa maneno, kwa sababu mkono wa kufundishia ulikuwa umelala kifuani. Juu ya kipande cha mkanda kilichobaki, wembe unaburutwa kwa mgongo, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho, geuza kwa mgongo, si kwa makali. Kisha akanituma nikaleta ndizi mbivu, nikaipaka povu la sabuni, nikainyoa. Ya kwanza niliichinja. Ya pili nikaimenya. "Laza," alikuwa akisema. "Laza wembe. Ukiusimamisha unachimba." Ndizi zilizoharibika tulizila, zina ladha ya sabuni, na yeye akasema nazipoteza makusudi ili nisifike kwake. Hakukosea sana. Nilipochoka na ndizi nikanyoa miguu yangu, nikajikata juu ya goti, nikatoa maneno ambayo binti wa mzee wa kanisa hayasemi.

Ndipo nikaja kwake. Taulo la moto kwanza, halafu povu, halafu mimi na pumzi yangu niliyoibana. Upande wa kushoto ulikuwa hai, na ulinisaidia. Nikisema "Vimba, baba", anajaza shavu hewa, ngozi inakaza, wembe unapita. Upande wa kulia haukunisaidia chochote. Ngozi ililegea, nikaivuta juu kwa vidole mpaka karibu na sikio, nikaishikilia, ndipo nikanyoa. Pabaya kuliko kote palikuwa chini ya kidevu, mahali ambapo nywele zinageuka na kuelekea upande mwingine. Pale nilimkata mara nyingi. Yeye hakupiga kelele, aliuliza tu, "Imetoka?" Nami namjibu, "Kidogo tu," nachukua mfukoni jiwe la shabu, lile la kukausha damu, nalilowesha, nabandika pale damu inapotoka. Linachoma. Anavuta pumzi kwa meno, tunaendelea.

Kila asubuhi ikawa hivyo. Sikuwahi kuutazama uso wa baba yangu kwa karibu namna ile. Sisi kwetu mtoto hamkodolei mzazi macho. Nikajua kovu dogo lililo chini ya sikio, nikajua anavyofumba jicho moja maji yakiwa moto. Nilimpenda siku zote, lakini kwa mbali, kwa shikamoo na sahani ya chakula. Sasa nilimshika kidevu.

Nikimaliza, alipitisha mgongo wa vidole vya mkono wa kushoto, polepole, shavuni mpaka shingoni. "Hapa umeruka," anasema, narudia. Asubuhi moja alipitisha vidole, akarudia, akafika chini ya kidevu, akasimama pale. "Sasa ndiyo," akasema. Akafumba macho, ametulia kabisa.

Nilitoka na beseni nikaenda migombani nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimehitimu, na sikutaka.

Alifariki msimu wa baridi, ule ambao ukungu unashuka kutoka Mlima Meru na haunyanyuki mpaka mchana. Kule chumba cha maiti nilimkuta baba mdogo, mdogo wake wa mwisho, amesimama mlangoni. Aliona beseni mkononi na mfuko wangu, akajua kilichomo.

"Hapana," akasema. "Mwanamke hanyoi mwili wa mwanaume, tena baba yake. Watu watasemaje?"

"Watasema amenyolewa vizuri," nikamjibu. "Au unataka wamnyoe kama mbuzi?"

Nilisema kwa ukali, hata shikamoo sikuwa nimempa. Baba mdogo akanitazama. Na yeye alikuwa kwenye ule mstari wa kumuaga baba mkubwa. Alininyang'anya beseni mkononi, nikadhani anakwenda kulitupa, kumbe alikwenda kuomba maji ya moto.

Nilianza upande wa kushoto, kama siku zote. Nikapaka povu, nikalaza wembe, na mdomo ukasema wenyewe, "Vimba, baba." Baba mdogo akageuza uso. Nikasimama pale na wembe wangu hewani. Kisha nikavuta ngozi ya upande ule kwa vidole, juu, karibu na sikio, vile nilivyofundishwa na upande uliokufa mapema. Nilikwenda hivyo mashavu yote mawili na sikuacha mkwaruzo.

Chini ya kidevu, pale nywele zinapogeuka, niliusimamisha wembe. Nilihisi wembe umeingia. Kidogo tu, urefu wa punje ya mchele. Mkono mwingine ulikuwa tayari umetoa shabu mfukoni na kuilowesha, nasubiri damu inionyeshe pa kubandika. Haikutoka. Nikasubiri tena. Hapo ndipo nilipojua kwamba baba amekufa, na nikalia mpaka baba mdogo akanishika mabega. Tulipotulia nikabandika shabu hivyo hivyo.

Siku ya kumuaga, kaka zangu wakaja wote. Nilisimama kichwani pa jeneza, pale pale aliposimama yeye kwa kaka yake. Watu wakapita. Wakasema amependeza, kama kalala tu, na mzee mmoja wa kanisa akanong'ona kwamba kidevu kinang'aa kama cha bwana harusi. Kola ya shati ilifunika nilipomkata. Alipata alichokitaka.

Mimi nilipita wa mwisho. Nilipitisha mgongo wa vidole shavuni mpaka shingoni, nikasogeza kola kidogo. Vidonda vyote nilivyomtia akiwa kitandani vilifunga baada ya siku chache. Hiki kilikuwa vilevile nilivyokiacha.